Kukabidhi Lindo Maktabani

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mama mmoja wa Mbuya, mjini Kampala, aliikumbuka methali hiyo mwaka 2019, siku alipokwenda katika maktaba ya umma kumwandikia mumewe barua pepe. Mume huyo alikuwa askari nchini Somalia, ambako Uganda ilianza kupeleka majeshi Machi 2007 chini ya Umoja wa Afrika.

Mkutubi alimwandikisha daftarini, kisha akamwonyesha kanuni zilizobandikwa ukutani. Kila mtu atumie kompyuta kwa saa moja tu ikiwa wengine wangoja. Chakula na vinywaji visikaribie mashine. Flashi isichomekwe kabla ya kukaguliwa, maana huweza kueneza virusi. Picha za aibu zisifunguliwe, kwani watoto nao husoma humo. Na ya mwisho: kabla ya kuondoka, toka katika akaunti yako.

Mama alizipitishia macho tu. Akaketi, akaandika habari za karo, za mtoto aliyekuwa na homa, na za mshahara. Mwishowe akamwuliza mumewe kama ile siku aliyomtajia, ya kikosi chao kuhama, ilikuwa haijabadilika. Mara saa ikatimia. Mkutubi alipomjulisha kwamba zamu yake imekwisha, mama alichukia. Akatuma barua yake, akatwaa mkoba, akatoka bila kuigusa tena mashine.

Kijana mwanafunzi aliyefuata aliikuta barua ile wazi kiooni. Hakuisoma, bali alimwita mkutubi, naye akaifunga akaunti ile mbele yake. Mama aliporudi mbio kuchukua kitambulisho alichokisahau mezani, alielezwa kwa upole yaliyotukia. Akashika kichwa. Lau kitini pale angeketi mtu mwenye nia mbaya, angejua siku ya kikosi kuhama, tena angeweza kumwandikia mume kwa jina la mkewe.

Sheria zipo. Tangu mwaka 2011 Uganda ina sheria dhidi ya matumizi mabaya ya kompyuta, imwadhibuyo aingiaye katika habari za mwenziwe bila idhini. Na mwaka ule ule wa 2019 ikatiwa saini sheria ya kulinda habari za watu binafsi. Lakini sheria humwandama mkosaji baada ya madhara kutokea, hali kanuni ya maktaba huyazuia yasitokee.

Jumapili mume alipopiga simu, mama alimsimulia yote bila kuficha. Mume hakumkaripia. Alimwuliza tu, "Mama watoto, askari huacha lindo kabla ya kukabidhi?" Kisha akanyamaza kidogo, akakiri kosa lake mwenyewe: ni yeye aliyeitaja siku ya kuhama, jambo lisilopasa kutoka kikosini hata kwa mke mpendwa.

Tangu siku hiyo mama huacha dakika tano za mwisho kwa ajili ya makabidhiano. Mashine ikimwuliza kama ilikumbuke neno lake la siri, hukataa. Hutoka katika akaunti, hujaribu kuifungua tena ahakikishe kwamba neno la siri linatakiwa, ndipo huinuka. Naye anayengoja humkaribisha kitini kwa salamu, kama mlinzi ampokeaye mwenziwe.