Mama muzazi naye analelewa

Zamani kwetu Walungu, mwanamke akizaa hakuachwa yeye peke. Mama yake ao mama mukwe alikuja kukaa naye. Alimuogesha na maji ya moto, akamukanda, akamupikia uji wa mtama, akafua nguo za mutoto. Mama muzazi hakushika jembe mpaka nguvu zimerudia. Sisi tuliosoma tuliona hayo ni mambo ya kijijini. Mimi nilijua maana yake siku yalipokosekana nyumbani kwangu.

Ilikuwa mwaka 2009, hapa Bukavu. Nilikuwa nimemaliza ISP, nafundisha asubuhi na mangaribi ili tupate kodi ya nyumba. Bibi yangu akazaa mutoto wetu wa kwanza. Mama yake alikuwa Shabunda: barabara imeharibika, na tiketi ya ndege ilitushinda. Basi nilitoka mapema, nikarudia usiku, naye alishinda na mutoto ndani ya chumba kimoja.

Juma la tatu alianza kubadilika. Hakulala, hata mutoto akiwa amelala. Chakula alikisukuma. Alinyonyesha akiangalia ukuta, machozi yakitoka. Watu wa avenyu, wengine walisema ni pepo, wengine anaringa. Na mimi, naandika hili na haya, nilimukaripia: mama yangu alizaa kumi, hakulia! Mangaribi moja akaniambia polepole: "Baba mutoto, usituache sisi wawili peke yetu. Naogopa mawazo yangu." Hapo nilishituka.

Muzee mama, jirani yetu, ndiye aliingia bila kuitwa. Alichemsha maji, akabeba mutoto, akaniambia: "Mwalimu, huyu hana pepo. Hakuna mutu anayemulea. Kesho umupeleke kwa munganga." Nilimupeleka. Muuguzi alimuuliza juu ya usingizi, hofu, na kama anawaza kujiumiza. Akatueleza: ni ugonjwa wa huzuni baada ya kuzaa, si aibu, na unapona. Tulirudia kila juma. Niliacha masomo ya mangaribi, nikajifunza kufua nepi. Mwezi wa tano nilimusikia anamuimbia mutoto.

Shirika la Afya Duniani linasema wanawake karibu 13 kwa 100 wanapata shida ya akili baada ya kuzaa. Katika nchi kama zetu, karibu 20. Machozi ya siku za kwanza ni ya kawaida. Yakipita majuma mawili, tutafute munganga. Mama akisikia sauti ao akitaka kujiua, asiachwe peke yake, apelekwe siku ile ile. Hapa Bukavu, SOSAME inatunza magonjwa ya akili.

Sisemi kila kitu cha wazee kilitosha. Mwanaume hakuwa na kazi mbele ya mama muzazi, na mama hakupewa ruhusa ya kusema "nina huzuni". Lakini walijua jambo moja ambalo mji umetusahaulisha: mutoto akizaliwa, wa kulelewa ni wawili. Vita na umasikini vimetutenga na mama zetu. Basi jirani awe mama, na baba aingie jikoni. Tukienda kutazama mutoto, tusiishie kusema "anafanana na baba yake". Tumuulize na mama: "Wewe, unalala?" Kisha tukae, tusikie jibu lake.