Herufi Iliyobadilika Sura Njiani

Mwalimu akikosea ubaoni, hufuta. Akikosea katika ripoti inayomhusu mwenzake, kufuta huwa kugumu zaidi. Makala haya yanahusu kosa la namna hiyo, tulilolifanya sisi wenyewe mwaka jana wakati wa mafunzo kwa vitendo. Yanahusu pia kazi ndogo ya kompyuta ambayo ingalituepusha na kosa hilo kama tungaliijua mapema. Tunayaandika kwa ajili yako, mwalimu mtarajiwa, kwa kuwa huenda ukapangiwa shule kama ile.

Tulikwenda kumtathmini mwanachuo mmoja aliyekuwa akifundisha darasa la kwanza katika shule iliyo mbali na barabara kuu. Shule hiyo ina kompyuta moja na mashine moja ya kuchapia, zote zikitumia umeme wa jua. Kompyuta inaendeshwa kwa mfumo wa Linux, na intaneti haifiki pale. Ndani ya flashi tulikuwa tumebeba karatasi za kusomea tulizozitayarisha chuoni. Tulimkabidhi mwanachuo azichape jioni ile, azitumie kesho yake.

Asubuhi tuliketi nyuma ya darasa, daftari la tathmini likiwa magotini. Mwanachuo aliandika ubaoni, kwa mwandiko mzuri wa duara, “Baba ana taa.” Watoto waliisoma sentensi hiyo kwa sauti safi. Kisha akagawa karatasi zenye sentensi ile ile. Darasa likapoa. Mtoto mmoja alianza, “B... b...” akanyamaza. Mwanachuo akamwendea, akaweka kidole juu ya herufi ya pili, akamwuliza ni herufi gani. Mtoto akaitazama karatasi, akautazama ubao, kisha akasema, “Siijui hii, mwalimu. Hatujafundishwa.”

Nasi tukaandika: “Watoto wamekariri sentensi ya ubaoni. Irabu hazikufundishwa ipasavyo.” Tukatoa alama za chini. Mwanachuo aliisoma ripoti, akatia saini, akasema, “Ahsante, mkufunzi.” Hakujitetea hata kwa neno moja.

Tulipokuwa tukikusanya vitu vyetu ndipo tulipoitazama karatasi moja kwa makini. Haikuwa karatasi yetu. Maneno yalikuwa yale yale, lakini mistari ilikuwa imevunjika mahali pengine, na kila “a” ilikuwa na shingo iliyopinda juu ya tumbo lake, kama ilivyo katika magazeti. Mtoto alikuwa amefundishwa “a” ya duara yenye kijiti upande wa kulia, ile anayoiandika kwa mkono wake mwenyewe. Herufi tuliyomwekea mbele yake hakuwa ameiona kamwe. Alilolisema lilikuwa kweli tupu: hawakufundishwa.

Tulimwita mwanachuo, tukamwuliza kama aliliona badiliko lile. Akajibu, “Niliona jana jioni, mkufunzi. Lakini karatasi zilitoka chuoni, nikadhani ndivyo zilivyotakiwa.” Jibu hilo lilituuma kuliko kosa lenyewe. Tulikata maneno yetu mbele yake, tukaandika upya, tukatia saini pembeni. Hata hivyo tuliondoka tukijua kwamba laiti karatasi ile isingalitufikia mikononi, mwalimu mwema angalibeba alama zisizo zake.

Sasa na tueleze kilichotokea. Chuoni karatasi zile tuliziandika kwa fonti iitwayo Andika. Fonti, kwa maneno mepesi, ni seti ya maumbo ya herufi ambayo kompyuta huyatumia katika kuandika. Andika ilitengenezwa na shirika la SIL kwa ajili ya wanaoanza kusoma, na jina lake limetokana na neno letu hili la Kiswahili. Ndani yake “a” na “g” zina sura ile ile anayofundishwa mtoto kuandika, na “I” kubwa haifanani na “l” ndogo. Kwa mtoto wa Kiswahili jambo hili si dogo. Tazama maneno anayoanza nayo: baba, kaka, dada, taa. Ukimnyima “a”, umemnyima nusu ya kila neno.

Lakini waraka wa kompyuta, kwa kawaida, haubebi fonti ndani yake. Hubeba jina la fonti tu. Ni kama barua isemayo, “Mgeni atandikiwe mkeka wa Pemba.” Kama nyumbani hakuna mkeka huo, wenyeji watatandika walicho nacho, wala hawatamrudisha mgeni. Kompyuta ya shule haikuwa na Andika, kwa hiyo ilitumia fonti nyingine bila kulalamika. Tena katika programu ya LibreOffice jina la fonti iliyokosekana huendelea kuonekana kwenye kisanduku chake, ila limelazwa kidogo. Anayetazama kwa haraka hudhani mambo ni shwari.

Juma lililofuata tulirudi. Kazi ya kuweka fonti haikuhitaji intaneti. Ilihitaji flashi na dakika chache. Tuliifanya pamoja na mwanachuo, naye ndiye aliyekaa kwenye kompyuta. Hatua ni hizi.

Kwanza, tafuta mafaili ya fonti mahali yalipo. Ikiwa kompyuta nyingine ya Linux tayari inayo fonti hiyo, fungua terminali, yaani dirisha la kuandikia amri, uandike:

fc-list | grep -i andika

Kompyuta itakuonyesha mafaili hayo na njia ya kuyafikia. Mara nyingi utayakuta chini ya /usr/share/fonts, nayo majina yao huishia na .ttf au .otf. Yanakili yote kwenye flashi, ya herufi za kawaida na ya herufi nzito. Kama hakuna kompyuta ya namna hiyo, pakua fonti ukiwa mjini au chuoni, kisha uibebe.

Pili, hakikisha una ruhusa. Andika imetolewa kwa leseni huria ya fonti, inayoruhusu kuitumia, kuinakili na kumpa mwenzako bila malipo. Kuiuza peke yake kumekatazwa. Fonti nyingi zinazokuja na mifumo ya kulipia hazina ruhusa hiyo. Mwalimu anayefundisha uadilifu asianze kazi yake kwa kunakili kisichonakilika.

Tatu, kwenye kompyuta ya shule, fungua kabrasha lako la nyumbani, yaani lile lenye jina lako la mtumiaji. Bonyeza Ctrl pamoja na H ili yaonekane makabrasha yaliyofichwa, ambayo majina yao huanza na nukta. Ingia .local, kisha share, na ndani yake uunde kabrasha liitwalo fonts kama halipo. Weka mafaili humo. Kama yamefungwa katika faili moja la zip, yafungue kwanza.

Nne, rudi kwenye terminali, uandike:

fc-cache -f -v

Amri hii huiambia kompyuta ihesabu upya fonti zake. Kisha rudia amri ya fc-list tuliyoitaja. Jina la Andika likitokea, kazi imekamilika. Funga LibreOffice na kuifungua tena, kwa maana programu iliyokwisha kufunguliwa huenda isiione fonti mpya.

Kuweka fonti katika kabrasha lako humfaa anayetumia jina lako tu. Walimu wakiwa na majina mbalimbali katika kompyuta moja, mafaili yawekwe chini ya /usr/local/share/fonts, na amri ya fc-cache irudiwe. Kazi hiyo huhitaji nywila ya msimamizi wa kompyuta. Mwombe mwalimu mkuu au anayehusika, usibahatishe. Hakikisha pia kwamba mafaili hayo yanasomeka na watumiaji wote. Amri ya kufanya hivyo ni chmod 644.

Iko njia nyingine ya mkato, nayo ni kuugeuza waraka kuwa PDF kabla ya kuondoka chuoni. PDF kwa kawaida hubeba maumbo ya herufi ndani yake, na huchapwa popote bila kubadilika sura. Upungufu wake ni kwamba mwalimu aliyeko shuleni hawezi kuirekebisha kwa urahisi. Akitaka kumwondoa “baba” na kumweka “bibi”, itamwia vigumu. Kwa hiyo PDF ni ya kuchapa, na fonti ni ya kumwezesha mwalimu kutunga karatasi zake mwenyewe. Sisi sasa hubeba vyote viwili.

Baadhi ya wanachuo wametuuliza, je, si afadhali mtoto afundishwe sura zote mbili za “a” tangu mwanzo, maadamu vitabuni atazikuta? Swali ni la haki. Jibu letu limo katika kanuni mliyoisoma mwaka wa kwanza: tuanze na kinachojulikana, twende kwa kisichojulikana. Mtoto akishaimiliki “a” anayoiandika, mwonyeshe ile ya kitabuni na umwambie ni ndugu yake. Ataipokea kwa siku moja. Lakini ukimletea zote mbili kabla hajaimiliki hata moja, au ukimletea ya pili bila kumwambia, utamfanya aamini kwamba kusoma ni kubahatisha.

Siku ile ya pili mwanachuo alichapa karatasi upya, akazigawa. Yule mtoto aliyesema “Siijui hii” alipitisha kidole chini ya mstari, polepole, akasoma mpaka nukta. Kisha akaisoma tena bila kuambiwa. Hatukuandika lolote daftarini kwa wakati huo.

Mambo mawili tunakuachia. La kwanza ni la mikono: kabla ya kuchapa karatasi katika kompyuta usiyoizoea, itazame herufi kwa herufi, na flashi yako isikose mafaili ya fonti. La pili ni la moyo. Ukiona kilichotoka chuoni, wilayani au wizarani kimefika kwako kikiwa na kasoro, sema. Sema kwa adabu, lakini sema siku ile ile. Mtoto wa darasa la kwanza alituambia kweli mbele ya wageni, na sisi watu wazima watatu tungalikuwa na haja ndogo ya makala haya kama mmoja wetu angalifanya hivyo jioni iliyotangulia.