Akibadilika Ghafla, Mpeleke Apimwe



Familia moja ya hapa kwetu Sarang'ombe imeniuliza, "Pasta, mbona mama anaenda chini haraka hivi? Ana miaka 54 tu."

Mama huyu ana ugonjwa wa Alzheimer, ule unaoshika watu kabla ya miaka 65. Si kitu kipya. Auguste Deter, mgonjwa ambaye Daktari Alois Alzheimer alimchunguza kule Ujerumani, alilazwa mwaka 1901 akiwa na miaka 51. Alifariki 1906, hata 56 hajafika.

Kasi yake haifanani kwa wote. Kuna upande usio mikononi mwetu: umri ulipoanzia, na kwa familia chache, kile kilichorithiwa katika damu. Tiba ya kuumaliza haijapatikana, na sitawadanganya.

Lakini kuna mambo yanayousukuma, na hayo tunaweza kuyashika. Presha na sukari zikiachwa bila dawa huumiza mishipa ya damu ya ubongo. Kuanguka na kugonga kichwa. Masikio yasiyosikia. Dawa za usingizi zinazonunuliwa dukani bila daktari. Kukaa peke yako ndani siku nzima, mlango umefungwa kwa nje.

Na kuna maambukizi. Mwezi uliopita mama huyu alibadilika kwa siku tatu. Akawa anaona watu ukutani, akamfukuza binti yake kama mgeni. Jirani akasema ni pepo, afungiwe. Binti akakataa, akampeleka kliniki. Ikapatikana ni ugonjwa wa njia ya mkojo. Alipomaliza dawa hakurudi alivyokuwa mwaka jana, lakini alirudi alivyokuwa juma lililotangulia: anakula mwenyewe, anamwita binti yake kwa jina. Wapendwa, hizo siku za kuitwa kwa jina ni za thamani.

Kwa hivyo shika hili: Alzheimer huwa inashuka kwa miezi na miaka. Mtu akiporomoka kwa siku chache, kuna kitu kingine. Mpeleke apimwe mkojo, kifua, presha na sukari, na ubebe dawa zote anazomeza daktari azione. Tutaomba tukiwa njiani. Na mtu asiache dawa za presha eti kwa sababu ameombewa.

Nyumbani, mwachie kazi anayoiweza. Mpe mboga achambue, hata zikichukua asubuhi nzima. Tembea naye jioni. Majirani, ingieni mumsalimie, na mmoja akae naye saa mbili ili binti alale. Anayemtunza akianguka, mgonjwa naye anaanguka.

Kama una mtu wa namna hii nyumbani, nitumie ujumbe. Akina mama wa ushirika wetu wako tayari kupokezana zamu.