Dishi Lisimikwe Wapi?



Wapendwa waamini na wasomaji wetu, juma hili tunapenda kutafakari jambo ambalo huenda baadhi yenu mtaliona dogo mno kwa tafakari ya padre, nalo ni mahali pa kusimika dishi la televisheni nyumbani. Katika safari zetu za vigangoni huku Runazi, na kote Biharamulo na Ngara, tunayaona madishi juu ya mabati, ubavuni mwa kuta za tofali za kuchoma, na mengine kwenye nguzo kando ya migomba. Kila moja limewekwa pale kwa sababu fulani, na mara nyingi sababu hiyo hutueleza habari za nyumba kuliko habari za anga.

Tuanze na anga lenyewe. Setilaiti za televisheni hukaa juu ya ikweta, umbali wa kilometa zipatazo 35,786 kutoka ardhini. Zikiwa huko huizunguka dunia kwa muda ule ule ambao dunia hutumia kujizungusha yenyewe, na kwa hiyo kwetu sisi tulio chini ni kana kwamba zimesimama mahali pamoja. Ndiyo maana dishi likishafungwa vema halina haja ya kuzifuata. Wenzetu wa Ulaya kaskazini, kwa kuwa wako mbali na ikweta, hulielekeza dishi lao kusini, chini karibu na upeo wa macho, na nyumba ya jirani yaweza kuwazuia. Sisi tuko takriban nyuzi 3 tu kusini mwa ikweta, hivyo setilaiti zetu ziko juu. Ile iliyo kwenye nyuzi 36 mashariki iko karibu na utosi wetu. Ile iliyo kwenye nyuzi 7 mashariki iko upande wa magharibi, nayo imeinuka kiasi cha nyuzi 60 kutoka upeo wa macho.

Kutokana na hayo, mafundi wenye uzoefu wanatufundisha kwamba dishi halihitaji kuinuliwa juu, bali linahitaji anga wazi mbele yake na mahali imara pasipotikisika. Mita nne za paa si kitu mbele ya kilometa 35,786. Tena paa lina gharama zake. Bati likitobolewa vibaya huvuja masika yanapoingia, upepo hulitikisa dishi, na kila marekebisho hudai ngazi. Nguzo ya chuma iliyosimikwa ardhini kwa zege hukaa imara zaidi, ingawa nayo yataka kulindwa dhidi ya mbuzi, mpira wa watoto na kamba ya kuanikia nguo. Popote litakapokaa, waya usiwe mrefu bila sababu, maana mawimbi hupungua nguvu njiani. Na kwa kuwa radi za kwetu tunazifahamu, dishi liunganishwe na waya wa kupeleka umeme wa radi ardhini. Mvua kubwa inaponyesha picha hukatika hata kwa aliyelifunga kwenye kilele cha nyumba.

Basi, ikiwa paa halina faida kubwa, kwa nini tunaling'ang'ania? Ruhusuni tuwasimulie habari ya familia moja, bila kutaja jina wala kitongoji, nao wametukubalia.

Ndugu wawili wanaishi katika uwanja mmoja pamoja na mama yao mjane, kila mmoja na nyumba yake. Ndugu yao wa tatu, anayefanya kazi Mwanza, alituma fedha za dishi na king'amuzi, akasema ni vya nyumbani. Neno hilo moja likazaa ugomvi. Kaka mkubwa alitaka dishi likae juu ya bati lake linalotazama barabara, kwa kuwa yeye ndiye mkubwa. Mdogo alitaka likae kwake, kwa kuwa televisheni ilikuwa yake. Mtu mmoja aliposhauri liwekwe kwa mama, wote wawili wakajibu kwamba hapo haiwezekani mpaka ukatwe mwembe ulio upande wa magharibi, ambao marehemu baba yao aliupanda. Kwa majuma kadhaa hawakusalimiana, na wake zao wakaacha kuteka maji pamoja. Jumuiya ilijaribu kuwapatanisha ikashindwa, ndipo tukaitwa.

Tulifika tukawakuta wamekaa mbalimbali. Mama yao, aliyevuka miaka 70, alinyamaza muda mrefu. Hatimaye akasema, "Baba Padre, mimi naomba kujua jambo moja tu. Usiku nitakuwa nakwenda kwa nani kuangalia?" Hakuna aliyemjibu. Katika wiki zote za kubishana juu ya paa, hakuna aliyekuwa amemfikiria yeye akitembea gizani na fimbo yake, akibisha hodi kwa mwana mmoja huku mwingine akimtazama kwa dirisha.

Fundi aliyekuwapo akatusaidia kuhusu mwembe. Alieleza kwamba dishi dogo la kisasa lina umbo linalodanganya macho: uso wake huonekana umeelekea chini, kana kwamba unatazama matawi, kumbe mawimbi yanaliingia kutoka juu zaidi. Kwa setilaiti ile ya magharibi, hata kama mti unalizidi dishi kwa mita 10, hatua nane kutoka ukingo wa matawi zatosha. Akazihesabu hatua zile mbele yetu sote. Ya nane ikaangukia kando ya jiko la mama, pakiwa na nafasi ya kubaki. Mwembe haukuwa na kosa lolote.

Nguzo ikasimikwa hapo, na ndugu wote wawili walilichimba shimo lake. Televisheni ikawekwa sebuleni kwa mama. Hatutadai kwamba yote yamekwisha kati yao, kwa maana chuki ya majuma haiondoki kwa mfuko mmoja wa saruji. Lakini sasa wanakaa chumba kimoja jioni, na mama hatoki nje usiku.

Wapendwa, Kanisa halijaiogopa televisheni. Mwaka 1958 Papa Pius XII alimtangaza Mtakatifu Klara wa Asizi kuwa msimamizi wake. Klara aliishi karne ya 13, na masimulizi yanatuambia kwamba usiku mmoja wa Noeli, akiwa mgonjwa kitandani asiweze kwenda kanisani, alijaliwa kuiona na kuisikia ibada kana kwamba imo chumbani mwake. Tuangalie aliyepewa neema hiyo alikuwa nani: ni yule asiyeweza kutoka. Wakubwa kati yetu wanakumbuka kwamba Papa Yohane Paulo II alipoitembelea Tanzania Septemba 1990, Tanzania Bara haikuwa bado na kituo cha televisheni, na wengi wa huku kwetu walimfuatilia kwa redio. Mazishi ya Papa Fransisko, tarehe 26 Aprili 2025, yaliweza kutazamwa kutoka Roma hata na mgonjwa wa kijijini, mradi televisheni iwe mahali anapofika.

Katika Injili ya Mathayo, sura ya 5, Bwana wetu anapozungumzia mahali pa taa, kipimo chake ni watu wa nyumba: wote wapate mwanga, asibaki mtu gizani. Taa hainuliwi ili wapita njia waisifu nyumba. Nasi tulitumie fundisho hilo kwa dishi.

Kwa hiyo tunawaomba wazazi na wakuu wa kaya: kabla fundi hajaegemeza ngazi, kaeni pamoja na watu wa nyumbani. Ulizaneni ni nani atatazama, na ni nani atakayeshindwa kufika. Tafuteni mahali penye anga wazi, msikate mti kabla ya kupima. Televisheni ikae sebuleni, ambapo mzazi anaona kile mtoto anachokiona. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake ya tarehe 4 Desemba 1963 juu ya vyombo vya upashanaji habari, uliwakumbusha wazazi wajibu huo. Na saa ya rozari ya familia ikifika, kizimeni. Setilaiti haitaondoka; mtaikuta pale pale.

Tunawatakia Dominika njema na amani nyumbani mwenu. Mungu awabariki.