Nyumba ya Wazima Moto Iliyopata Kazi Mpya

Jina la mji wa Antwerpen, ambao kwetu wengi huuita Anvers, halikuwa geni masikioni mwa wazee wetu. Katika bandari ile ya Ubelgiji ndipo zilipong'oa nanga meli za kwenda Matadi, zikichukua mapadri, masista na wafanyabiashara. Na huko ndiko zilikopelekwa shaba ya Katanga na almasi za Kasai. Twende basi tukatazame nyumba moja tu ya bandari hiyo.

Ni nyumba kubwa ya mraba, yenye ua katikati, iliyosimama penye maji ya bandari. Ilijengwa mwaka 1922 kwa ajili ya kikosi cha wazima moto, kwa kufuata sura ya nyumba ya kale ya wafanyabiashara wa Hansa, iliyoteketea mwaka 1893. (Nyumba ya wazima moto kuiga nyumba iliyoliwa na moto: hilo nalo ni la kuchekesha kidogo.) Baadaye wazima moto walihamia kituo kipya. Sheria ilikataza kuibomoa nyumba yao ya zamani. Lakini sheria haifungui madirisha wala haizibi paa. Sisi wenyewe tumeona majengo ya zamani ambayo, yakiisha kukosa kazi, huachiwa mvua na nyasi.

Wakuu wa bandari walikuwa na watumishi wapata 500 waliotawanyika katika biro mbalimbali, wakataka kuwakusanya pahali pamoja. Wakawaita mafundi wa kuchora majengo washindane, kwa sharti kwamba nyumba ya kale ibaki. Aliyeshinda ni Zaha Hadid, mwanamke mzaliwa wa Baghdad, katika nchi ya Irak. Yeye na wenzake waliichunguza nyumba, wakaona ya kuwa pande zake nne zote zilijengwa zipate kutazamwa. Jengo jipya likiwekwa ubavuni, lazima lifiche uso mmojawapo. Basi wakaliinua juu! Ni kama merikebu ya vioo, urefu wake mita 111, imebebwa na nguzo nene za zege, na ncha yake inaelekea mto Schelde.

Wako wanaosema kwamba jipya limeikandamiza nyumba ya kale. Hata mimi, nilipoona picha yake mara ya kwanza, nilishtuka. Lakini mama atokaye sokoni na mzigo kichwani, je, uso wake umefichika?

Ua wa zamani umefunikwa kwa kioo, nao sasa ni ukumbi wa kupokelea wageni. Maji hushushwa mita 80 chini ya ardhi, katika mashimo zaidi ya 100, ili kupasha nyumba joto na kuipoza. Zaha Hadid alifariki mwezi wa Machi 2016. Nyumba ilifunguliwa Septemba ya mwaka uleule, na uwanja ulio mbele yake una jina lake. Pale zilipolala motokari za kuzima moto, leo ni chumba cha kusomea.