Tisa, Mama
Nilikosea. Binti yangu aliniambia mguu unauma, nami nikamwambia ameteguka tu, ajikaze.

Alikuwa na miaka 13, akicheza netiboli shuleni. Aliruka kudaka mpira, akatua vibaya, kifundo kikavimba. Nilimkanda kwa maji ya moto na chumvi kama mama yangu alivyonikanda mimi, na uvimbe ulipokwisha nikaamini amepona, maana kwetu tuliamini, kimakosa, kwamba mguu unaokanyagika haujavunjika. Kila aliporudi uwanjani, maumivu nayo yalirudi. Nikamkanda tena. Siku moja aliniambia kifundo kinakwama, kama bawaba iliyoingia kokoto. Sikumsikiliza. Nilidhani anakwepa kuteka maji.

Hospitalini, daktari wa mifupa aliuliza maumivu yalianza lini. Nikajibu, "Kama miezi miwili hivi." Binti yangu akasema taratibu, macho chini, "Tisa, mama."

Yeye alikuwa akihesabu. Mimi sikuhesabu.

Eksirei ilionyesha kasoro ndogo, MRI ikathibitisha: kipande cha mfupa kilikuwa kimebanduka pamoja na gegedu lake, kwenye mfupa ulio kati ya muundi na kisigino, unaobeba uzito wote wa mwili. Daktari alinieleza bila kunilaumu. Gegedu halina mishipa ya damu, kwa hiyo likiumia haliungi kirahisi. Lakini mtoto anayekua ana bahati yake: kipande kikiwa bado kimeshika, hogo, magongo na miezi kadhaa ya kupumzika huweza kutosha. Cha binti yangu kilikuwa kimeachia na kulika, hakikufaa tena kurudishwa kwa skrubu. Wakaingiza kamera kupitia tundu dogo, wakakitoa, kisha wakatoboa vitundu mfupani ili damu ya uboho itoke na kuliziba pengo kwa kovu. Kovu hilo hufanya kazi ya gegedu, ila halina uimara wake.

Alitembelea magongo wiki sita. Leo hachechemei. Netiboli ameiacha.

Nimemwomba radhi, na amenisamehe. Wewe mwenye mtoto kama huyu, kumtunza nyumbani mwanzoni si kosa. Kosa ni kuendelea kumkanda wakati maumivu yanarudi kila anapocheza, au kifundo kinapokwama. Mpeleke akapigwe picha. Na siku ya kwanza anapokwambia panauma, iandike tarehe.