Njia ya Mtoni

Ndugu msomaji, je, umewahi kuchora mlima? Mimi nilichora, nikashindwa. Nataka kukueleza nilivyoshindwa, na nilivyojifunza.

Kijiji chetu kiko bondeni, chini ya milima ya Uluguru, mkoani Morogoro. Mama yangu aliugua miguu. Akahamia Dar es Salaam kwa dada yangu, awe karibu na matibabu. Hakuweza tena kusafiri. Akaniagiza: "Mwanangu, nichoree nyumbani, nipaone." Nikanunua ubao na rangi, nikachora.

Nilipompelekea picha, alinyamaza. Kisha akauliza, "Mbona mlima umekalia paa la nyumba yangu? Na njia ya mtoni iko wapi?"

Niliona aibu. Mlima niliupaka kijani kibichi, sawa na mwembe wa uani. Nyumba zote nilizichora kwa kipimo kimoja, za karibu na za mbali. Picha yangu ilikuwa bapa kama ukuta.

Nikarudi kijijini. Asubuhi nilikaa mlangoni, nikatazama kabla ya kushika brashi. Nilifumba jicho moja, nikanyosha mkono. Kidole gumba kilifunika nyumba nzima iliyo ng'ambo ya mto! Kumbe kitu cha mbali huonekana kidogo. Njia nayo ilikuwa pana miguuni pangu, ikazidi kuwa nyembamba kadiri ilivyokwenda. Tena, mwembe uliificha nyumba ya jirani, na nyumba ya jirani ikaficha sehemu ya chini ya mlima. Kinachoficha kiko mbele. Kinachofichwa kiko nyuma.

Nikatazama rangi. Majani ya mwembe niliyaona moja moja. Miti ya mlimani sikuweza kuitenga. Mlima wote ulikuwa wa buluu iliyofifia. Kwa nini? Kati ya jicho na mlima kuna hewa nyingi, yenye mvuke na vumbi. Mwanga wa jua hutawanyika katika hewa hiyo, na mwanga wa buluu hutawanyika zaidi. Leonardo da Vinci, mchoraji wa Italia aliyeishi kati ya 1452 na 1519, aliandika kuhusu jambo hili ili wachoraji walijue.

Nikachora upya. Mwembe niliupaka rangi nzito. Kwa mlima nilichanganya buluu kidogo na nyeupe nyingi.

Mama alipoipokea picha ya pili, aliweka kidole mlangoni pa nyumba yake. Akakipitisha polepole juu ya njia, hadi mtoni, hadi mlimani. Akasema, "Ni mbali, lakini nimefika." Picha hiyo ilikaa ukutani karibu na kitanda chake mpaka alipofariki.

Ndugu msomaji, nawe jaribu. Jioni kaa mlangoni, fumba jicho moja, nyosha kidole. Ni kitu gani kinafunikwa? Mlima wa kwenu una rangi gani? Tazama kwanza, kisha chukua mkaa na karatasi, uchore ulichokiona.